Multimita ya bei nafuu: ipi inafaa kwa umeme wa nyumbani?

SWALI: Nataka multimita ya kupimia soketi, swichi, betri za sola na vifaa kama pasi na jagi la umeme. Kariakoo nimeona zile ndogo za njano kwa bei ya kutupa, na nyingine za bei mara tatu au nne. Muuzaji anasema zote zinapima volti zilezile. Ni kweli?
*Msomaji, Tabata, Dar es Salaam*

JIBU: Muuzaji hajakudanganya, ila hajamaliza maelezo. Ile ndogo ya njano, ya ukoo wa DT-830, itakupa namba iliyo karibu na ukweli. Kwa umeme wa AC, yaani wa soketi, ina vipimo viwili tu, 200 na 750, na kwenye 750 inahesabu volti mojamoja. Karatasi yake kwa kawaida inaruhusu kosa la asilimia 1.2 na kuongeza tarakimu 10, ambazo hapa ni volti 10. Piga hesabu kwa volti 230: asilimia 1.2 ni karibu volti 3, ongeza 10, unapata 13. Kwa hiyo soketi yenye 230 kamili inaweza kusomeka popote kati ya 217 na 243, na mita bado iko ndani ya ahadi yake. Hiyo inatosha kujua kama umeme upo au haupo. Haitoshi kuamua kama stabilaiza yako inafanya kazi sawasawa.

Lakini usahihi si sababu kubwa ya kuongeza pesa. Sababu ni lile tundu la 10A. Kwenye nyingi za aina hii pameandikwa kabisa "unfused", maana yake nyuma yake hakuna fyuzi. Mtu anapima ampia leo, anasahau waya mwekundu kwenye tundu hilo, kesho anachomeka ncha kwenye soketi apime volti. Hapo amepiga shoti kati ya laivu na nyutro, na njia ya umeme ni nyaya nyembamba alizoshika mkononi. Sakiti breka inaweza kukatika, lakini kabla haijakatika ncha imeshalipuka na nyaya zimeyeyuka. Kuna watu wameungua mikono na uso kwa kosa hili dogo.

Kwa matumizi uliyoyataja, ampia huzihitaji. Ndiyo maana mita isiyopima ampia kabisa ni chaguo zuri kuliko watu wanavyodhani. Fluke 101 imetengenezwa hivyo: volti, omu (ukinzani), kapasita na masafa, bila tundu la ampia. Si ya bei ya chini kabisa, lakini inaonyesha kwamba kupungukiwa kipimo fulani si kasoro. Ukichukua yenye ampia, hakikisha matundu yote mawili ya ampia yana fyuzi.

Mengine ya kudai: mlio wa kupima kama waya umekatika, volti za DC (umeme wa betri) kwa ajili ya sola, na kipimo cha omu kinachoanzia 200 au chini ya hapo. Kapasita ni nyongeza nzuri ukiwa na feni za dari au pampu ya maji, kwa sababu feni inayozunguka kivivu mara nyingi shida yake ni kapasita. Kwenye mita za kampuni ya UNI-T, aina ya UT33, angalia herufi ya mwisho: A+ ina kapasita, C+ ina jotoridi, D+ inahisi umeme bila kugusa waya. Muonekano unafanana, kwa hiyo usikubali "zote ni moja". Tundu la kupimia transista usililipie hata senti.

Ukiwa bado dukani, gusanisha ncha mbili kwenye kipimo cha mlio. Sauti itoke papo hapo, si baada ya kusitasita. Hamia omu 200: isome 0.2 hadi 0.5. Sasa tikisa nyaya karibu na ncha na karibu na matundu. Namba ikirukaruka, nyaya ni mbovu. Pima betri mpya ya AA, isome karibu 1.6. Malizia kwa soketi ya duka, ukilinganisha na mita nyingine ya aina tofauti.

SWALI: Mita niliyouziwa imeandikwa CAT III 1000V lakini ni nyepesi kama kijisanduku cha kiberiti. Nitajuaje kama maandishi ni ya kweli?
*Msomaji, Kilifi*

JIBU: Fungua mgongo wake, nyaya zikiwa zimechomolewa. Tafuta fyuzi. Ukikuta fyuzi ya kioo yenye maandishi 250V ndani ya mita iliyoandikwa 1000V kwa nje, jibu umeshapata. Fyuzi ya kioo ikikatika kwenye shoti kubwa, cheche huweza kuendelea kuwaka ndani yake na umeme usikatike. Inayotakiwa ni ya seramiki iliyojazwa mchanga, yenye volti zisizopungua zile zilizoandikwa usoni mwa mita.

Daraja la CAT linahusu mishtuko ya ghafla, ya radi au ya mota kubwa inayozimwa, si volti za kila siku. Mita ya CAT II 600V hujaribiwa kwa mshtuko wa volti 4,000, ya CAT III 600V kwa volti 6,000, na ya CAT III 1000V kwa volti 8,000. CAT II ni ya vifaa vinavyochomekwa kwenye soketi. CAT III ni ya nyaya za ukutani na boksi la breka. CAT IV ni upande wa mita ya LUKU na waya unaotoka nguzoni, ambako huna ruhusa ya kugusa hata ukiwa na mita ya dhahabu. Kwa nyumba, CAT III 600V ya kweli inakutosha, na ni bora mara nyingi kuliko 1000V ya kuchapwa tu.

Angalia nyaya pia. Plagi zake ziwe zimefunikwa na plastiki kiasi kwamba chuma hakionekani zikichomolewa, ziwe na ukingo wa kuzuia vidole visiteleze, na ncha ziwe na vifuniko vinavyoacha milimita chache tu za chuma wazi. Ncha ndefu iliyo uchi ndiyo inayogusa laivu na nyutro kwa pamoja ndani ya swichi. Mita ya wastani yenye nyaya nzuri za kununua pembeni ni matumizi mazuri ya pesa.

SWALI: Nimezima swichi ya taa, lakini kwenye waya wa taa mita inasoma volti 87. Fundi wangu anasema swichi imekufa. Nibadilishe?
*Msomaji, Moshi*

JIBU: Subiri kwanza. Waya uliozimwa ukipita sambamba na waya wenye umeme ndani ya bomba moja huvuta volti kidogo kwa hewa. Multimita nyingi za kisasa zina ukinzani wa omu milioni 10, kwa hiyo hazinyonyi karibu chochote na volti hizo za mzuka zinaonekana kama ni kitu. Namba kama 30, 60 au 90 inayoyumba ukisogeza mkono ni dalili yake.

Njia rahisi ya kuthibitisha: acha globu ya kizamani ya waya mwembamba ikiwa imefungwa kwenye holda, kisha pima. Ikiwa ni mzuka, volti zitaporomoka hadi karibu na sifuri. Zikibaki 230 na globu ikawaka, swichi ni mbovu kweli. Balbu ya LED haifai kwa jaribio hili. Yenyewe huweza kumetameta kwa volti hizohizo za mzuka. Mita zenye kipimo kilichoandikwa LoZ hufanya kazi ya globu bila globu.

Angalizo moja: kabla hujagusa waya wowote kwa kuamini mita imesoma sifuri, ipime kwanza kwenye soketi unayojua ina umeme, pima waya wako, halafu irudishe kwenye soketi ileile. Waya wa mita uliokatika ndani nao husoma sifuri.

SWALI: Inveta yangu ya sola inasoma volti 182. Muuzaji anadai inatoa 230. Nani mkweli?
*Msomaji, Kisumu*

JIBU: Huenda ni muuzaji. Inveta za bei nafuu hutoa wimbi la ngazingazi, si lile laini la Kenya Power. Mita ya kawaida hupima wastani wa wimbi na kuuzidisha kwa 1.11, hesabu ambayo ni sahihi kwa wimbi laini peke yake. Kwa wimbi la ngazi linalowaka nusu ya muda, 230 halisi husomeka karibu 180. Mita yenye maandishi "True RMS" itakupa namba sahihi. Kama huna inveta ya aina hii, usiilipie.

Upande wa DC hakuna utata huo. Betri ya asidi ya volti 12 iliyojaa na kupumzika saa kadhaa husoma karibu 12.7, ikisoma chini ya 12 imeshaisha nguvu. Paneli ya mfumo wa volti 12, juani na bila mzigo, husoma 21 au 22, na hiyo si hitilafu.

SWALI: Naweza kupima ethi ya nyumba kwa multimita?
*Msomaji, Tanga*

JIBU: Nusu yake. Ukitazama soketi ya matundu matatu, ethi iko juu, laivu kulia, nyutro kushoto. Laivu kwa nyutro isome karibu 230, laivu kwa ethi vivyo hivyo, nyutro kwa ethi volti chache tu. Nyutro kwa ethi ikisoma 230, laivu na nyutro zimebadilishana. Laivu kwa ethi na nyutro kwa ethi zote zikisoma karibu 115, ethi inaning'inia hewani na kuna kifaa mahali kinaisukuma.

Vifuniko vya ndani ya soketi vikikuzuia, usichomeke msumari kwenye ethi. Wengi hupimia kwenye ekstensheni yenye matundu ya kila aina. Ni sawa, ila pima kwanza ekstensheni yenyewe ikiwa imechomolewa, kwani za bei ya chini mara nyingi hazina waya wa ethi ndani ingawa tundu lipo.

Sasa ile nusu nyingine. Laivu kwa ethi kusoma 230 hakumaanishi ethi ni nzuri. Kwa kuwa mita hainyonyi umeme, hata rodi iliyokauka yenye mamia ya omu itakupa 230. Mlio nao unalia hata waya ukiwa umebakiwa na uzi mmoja wa shaba. Ukinzani wa rodi hupimwa kwa mita maalumu ya ethi, na uvujaji wa nyaya kwa mega ya volti 500, yaani kifaa cha kupima ganda la nyaya. Hiyo ni kazi ya kumwita fundi mwenye leseni, na umwulize kama anavyo vifaa hivyo kabla hajaja.

SWALI: Pasi haipati moto. Nianzie wapi?
*Msomaji, Iringa*

JIBU: Ichomoe, geuza kitufe cha joto hadi mwisho, pima omu kati ya pini ya laivu na ya nyutro. Zidisha 230 kwa 230, gawa kwa wati zilizoandikwa. Pasi ya wati 1,000 isome karibu omu 53, jagi la wati 2,000 karibu 26, hita ya kuogea ya wati 5,500 chini kidogo ya 10. Ikionyesha "1" peke yake upande wa kushoto au OL, kuna mahali pamekatika: anza na fyuzi ya plagi, kisha waya pale unapoingia kwenye pasi, ndipo uende kwenye koili. Malizia kwa kupima pini ya laivu na bati la pasi: hapo ndipo inatakiwa isome "1" au OL.

SWALI: Mita yangu sasa inasoma soketi volti 268, na ya jirani 231. Iko wapi shida?
*Msomaji, Mwanza*

JIBU: Badilisha betri. Mita ndogo za betri ya 9V, betri ikichoka, husoma juu ya ukweli badala ya chini, wakati mwingine kabla alama ya betri haijatokea. Ukinunua nyingine, fikiria inayotumia AAA. Hizo unazipata hata dukani kwa Mangi.