Maswali yenu ya Kili: kilo, tipu na wagumu wetu

Nitajie kampuni ya bei poa, nataka kupanda Mlima Kilimanjaro Septemba. (Msomaji, Dar)

Jamani hili swali naletewa kila wiki na kila wiki jibu ni lilelile, sitaji kampuni. Ila nisikilize. Ada za hifadhi haziguswi, kila kampuni inalipa zilezile, mafuta ya gari na chakula cha mgeni navyo havina cha kupunguza sana, sasa ukiuziwa siku saba kwa bei ambayo wengine wote wameishindwa jiulize mwenzetu kakata wapi. Kakata kwa mgumu, yaani mpagazi. Hela ya siku imeshuka, milo mitatu imekuwa mmoja, usiku watu wanabanana kwenye hema la kulia wageni mpaka wa mwisho analala kakaa. Uliza hivi kabla hujalipa: mpagazi wenu anapata shilingi ngapi kwa siku, na anaipata lini akishashuka? Wanaolipa vizuri wanakujibu hapohapo. Anayeanza kuzunguka, achana naye.

Hao KPAP ni chama cha wapagazi au? (Msomaji, Arusha)

Hapana, ni mradi wa kusaidia wapagazi wa Kilimanjaro, upo Moshi tangu 2003. Wanaazimisha nguo za baridi bure, wanafundisha Kiingereza na huduma ya kwanza, na kampuni zinazokubali kushirikiana nao zinafuatiliwa safari kwa safari kupitia mpagazi aliyemo humohumo kwenye msafara. Kampuni hailipii kuwemo, kwa hiyo mtu akikwambia "ule usajili ni gharama ndo maana hatujaingia", anakudanganya.

Zile kilo 20 anazoruhusiwa kubeba mpagazi Kili ni pamoja na begi lake mwenyewe?

Hapana. Nguo zake na begi lake la kulalia ni juu ya hizo. Na angalizo, mizani iko getini, ujanja unafanyika baada ya geti, wapagazi wawili wanarudishwa, mzigo wao wanagawiwa waliobaki. Hesabu wapagazi wako siku ya kwanza, hesabu tena siku ya pili. Peru nao waliweka sheria ya kilo 20 mwaka 2001 kwa wabebaji wa njia ya Inca, na kule pia mizani peke yake haikutosha.

Mimi ni mpagazi. Nikiumwa kichwa na kutapika huko juu naambiwa nishuke mwenyewe, ni haki? (Machame)

Si haki mdogo wangu, na usikubali. Mwaka 1997 kule Nepal kijana wa miaka 20 alizidiwa na mwinuko, akalipwa chake akaambiwa ashuke peke yake, hazikupita saa 30 akafa, kaacha mke na watoto wawili wadogo. Kifo hicho ndicho kilichowafanya watu wa nchi mbalimbali waanzishe IPPG, kikundi cha kimataifa cha kulinda wapagazi, na madaktari wakawa wanajitolea kwenda kukaa msimu mzima Machermo, hukohuko Nepal, zaidi ya mita 4,000, wanatibu wapagazi na kuwapa pa kulala. Kanuni yao naomba uishike kichwani: mpagazi mgonjwa hashushwi peke yake, anapewa mtu wa kwenda naye anayeongea lugha yake na kuelewa hali yake, na anatibiwa sawasawa na mgeni. Ukianza kuyumba au kukohoa mapovu usingoje asubuhi, waambie wenzako kwa sauti, shukeni hata kama ni usiku.

Na wewe mgeni unayesoma hapa, ukiona jana walikuwa kumi na mbili leo kumi na moja, uliza yule mmoja yuko wapi na kaenda na nani.

Nakuja likizo kutoka Uingereza, nilete nini kwa wapagazi? (Msomaji, Leicester)

Viatu vya mlima, koti la mvua, soksi nzito, glovu. Fulana acha. Mimi nilishapandisha mpaka kambi ya Barafu na raba za kuazima, soli ya kushoto imefungwa na kamba ya katani, kila nikisimama kupumzika naikaza upya kwa vidole ambavyo sivisikii, na mgeni niliyembebea begi alikuwa na pea mbili za buti ndani yake. Usimpe mtu mmoja njiani ukaondoka, peleka kwenye stoo ya kuazimisha ya KPAP, Moshi, jozi moja itapanda na watu wengi msimu huohuo. Kama una ujuzi wa udaktari au ualimu waandikie kabla hujakata tiketi, usitokee tu mlangoni.

Tipu nimpe muongozaji agawe?

Hapana, kila mtu mkononi mwake. Ikishindikana, pale geti la kushukia la Mweka mkishakusanyika taja kwa sauti kiasi cha kila mpagazi, wote wakisikia, kabla bahasha haijatoka mkononi mwako.