Magoti ya mama na neno "ni uzee tu"

SWALI: Mama yangu ana miaka 71 na anatumia dawa za presha. Magoti yanamuuma kwa mwaka wa tatu sasa, na karibu kila siku humeza diklofenaki, dawa ya maumivu, ya dukani. Majirani wanasema ni uzee tu. Mmoja alimletea unga wa mitishamba uliotuliza maumivu kwa siku mbili, na ameutumia wiki sita. Aendelee nao?

JIBU: Ndugu msomaji, nianze na neno la majirani, kwa kuwa ndilo linalowachelewesha wazee wengi kufika kwetu hospitalini. Ni kweli kwamba maumivu ya viungo huongezeka kadiri umri unavyosonga: Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba mwaka 2019 watu wapatao milioni 528 walikuwa na ugonjwa wa kusagika kwa viungo, na takriban asilimia 73 yao wamepita miaka 55. Hata hivyo, ugonjwa ulioenea haugeuki kuwa hali ya kawaida. Mzee anayeambiwa avumilie huacha kutembea, misuli ya mapaja ikalegea, na goti lililokosa msaada wa misuli hiyo likazidi kuuma. Baada ya hapo hukosa usingizi, huanguka, na huingiwa na huzuni ambayo familia huidhania kuwa ni utulivu wa utu uzima. Tiba ya msingi ni mazoezi ya kuimarisha mapaja chini ya mtaalamu wa fiziotherapia, pamoja na kupunguza uzito ukizidi.

Diklofenaki ya kila siku, kwa mtu mwenye umri na presha kama yake, inaweza kutoboa tumbo bila dalili ya awali, kuumiza figo na kupunguza nguvu ya dawa za presha. Asiimeze tena hadi aonane na daktari.

Unga ndio unaonitia hofu zaidi. Dawa nyingi za namna hii, zilipopimwa maabara katika nchi mbalimbali, zimekutwa zimechanganywa kwa siri na steroidi (dawa kali zinazofanya kazi kama homoni ya mwili) kama deksamethasoni, ambayo hutuliza maumivu haraka huku ikipandisha sukari na presha na kudhoofisha mifupa. Wanaouza unga huo minadani na kwenye mabasi, wakiapa kwamba hauna kemikali, wanahatarisha maisha ya wazazi wetu kwa ajili ya fedha. Tena, anayeutumia kwa wiki kadhaa hapaswi kuukatisha ghafla mwenyewe nyumbani, kwani kama una steroidi, mwili huenda umeacha kujitengenezea homoni yake ya aina hiyo na anaweza kuzimia. Mpeleke mama hospitali leo, pamoja na pakiti ya unga na dawa zake zote.