Manung'uniko kwenye kwaya: nijiuzulu?

Dada mwenyekiti, pole. Unauliza kama manung'uniko ya wanakwaya ni sababu ya kujiuzulu, na kama wewe kumlalamikia Mungu ni kukosa imani.

Soma taratibu sura ya 11 ya kitabu cha Hesabu katika Biblia. Waisraeli, wakiwa jangwani baada ya kutoka Misri, wana mana, chakula walichopewa na Mungu, wanaisaga au kuitwanga kwenye vinu na kuoka mikate, lakini wanalia wakikumbuka samaki, matango na vitunguu saumu vya Misri. Utumwa wameusahau kabisa! Musa, kiongozi wao, naye anachoka, anamwambia Mungu kwamba mzigo umemzidi, na kama mambo ndiyo haya basi bora amuue. Hakukemewa kwa maneno hayo. Alipewa wazee 70 wa kumsaidia. Kwa hiyo omba, lalamika, lakini pia gawa kazi: sare kwa mmoja, michango kwa mwingine. Wanaume wawili, Eldadi na Medadi, walipotabiri kambini, Yoshua, msaidizi wa Musa, alitaka wazuiwe, Musa akakataa. Nawe usimwonee wivu atakayeng'ara.

Halafu chambua malalamiko. Kule Refidimu, kituo kingine cha safari yao jangwani (Kutoka 17), kiu ilikuwa ya kweli, watu hawakuwa na maji. Wanaodai mazoezi yanaisha usiku na usafiri hakuna, hao wasikilize. Wanaotaka tu mwenyekiti wa zamani, wavumilie.

Angalia hasira tu. Kule Kadeshi, watu walipokosa maji tena (Hesabu 20), Musa aliambiwa aseme na mwamba utoe maji, akaupiga mara mbili huku akiwaita watu waasi, na Kanaani, nchi waliyoahidiwa, hakuingia. Ujumbe ule mkali uliouandika kwa ajili ya kundi la WhatsApp, usiutume leo.