Meza Safi Haitoshi

Swali lenu la wiki hii ni hili: mtu anayetimiza wajibu wake hata asiposimamiwa, amezaliwa hivyo au amefundishwa? Nitalijibu, ila kwanza nina ugomvi nalo. Linauchukulia uwajibikaji kama kitu kimoja, ama unacho ama huna. Kazi ya uwakala wa forodha hapa Busia, mpakani mwa Kenya na Uganda, upande wetu wa Uganda, imenionyesha vingine.

Ofisini kwetu kuna vijana wawili. Mmoja meza yake inapendeza: mafaili yamesimama wima, kalamu zimepangwa kwa rangi. Wa pili karatasi zake zimerundikana, na juu ya rundo kuna mfuko wenye mafuta ya rolex (chapati iliyoviringishwa na mayai) aliyokula asubuhi. Lakini lori likifika, huyu wa pili hutoka juani, akazunguka nyuma ya kontena, akainama na kusoma namba ya lakiri, ile iliyofunga mlango wa kontena, kwa sauti, tarakimu moja baada ya nyingine, huku kidole kikifuata kwenye hati. Jua likizama na dereva akipiga honi, bado anasoma. Mwenye meza safi huinakili namba kutoka kwenye hati bila kunyanyuka kitini. Mnadhani bosi humsifu nani?

Wanasaikolojia wana namna ya kulieleza hili. Uwajibikaji ni mojawapo ya sifa kuu tano za haiba, na Paul Costa na Robert McCrae, katika dodoso lao la mwaka 1992, waliugawa katika sehemu sita: kujiamini kwamba kazi unaiweza, mpangilio, kushika wajibu, kiu ya mafanikio, nidhamu ya nafsi, na kufikiri kabla ya kutenda. Kwa kawaida huandamana, lakini si kwa kila mtu. Kijana wetu wa kwanza amejaliwa mpangilio. Kushika wajibu kumemwendea mwenzake.

Sasa, kuzaliwa au kufundishwa? Tafiti za mapacha zinaonyesha kuwa karibu nusu ya tofauti tunazoziona kati ya mtu na mtu zinatokana na urithi. (Nimesema nusu ya tofauti kati ya watu, hakuna anayeweza kumpima mtu mmoja akasema nusu yake ni ya baba.) Na msidhani iliyobaki yote ni kazi ya fimbo ya mzazi. Mwaka 2006 Brent Roberts na wenzake walikusanya tafiti zilizowafuatilia watu kwa miaka mingi, wakakuta sifa hii hupanda umri unavyosogea, hasa kati ya miaka 20 na 40. Sisi wa mpakani hatushangai. Kijana wa boda ambaye usiku hakuwa akilala nyumbani, mpe pikipiki ya mkopo na karo ya watoto, utamkuta stejini kabla ya adhana ya alfajiri.

Waajiri wana sababu ya kuitafuta sifa hii. Murray Barrick na Michael Mount walionyesha mwaka 1991 kwamba inaendana na utendaji mzuri katika kila kundi la kazi walilolichunguza, kuanzia polisi hadi wauzaji. Shida ni jinsi ya kuipima. Ukimuuliza mtu kama ni mwangalifu, atajilinganisha na jirani zake, na kila mtaa una vipimo vyake. Steven Heine na wenzake waliligusa hili mwaka 2008: nchi ambazo watu wake hujipa alama za juu za uwajibikaji si lazima ziwe zile ambazo saa zake za hadharani ni sahihi na wafanyakazi wake wa posta ni wepesi, mambo waliyoyachukua kama dalili za uwajibikaji wa vitendo.

Kwa hiyo naona ni kupoteza muda kumkalisha mwombaji kazi na kumuuliza, "Wewe ni mtu wa kuwajibika?" Nani atajibu hapana, na kodi ya nyumba inamsubiri? Mimi ningempa ankara, orodha ya mizigo na hati ya forodha, moja ikiwa na tarakimu iliyokosewa, kisha nimwache apitie. Na nisingefanya hivyo asubuhi akiwa na nguvu. Ningengoja saa kumi na moja jioni, malori yamejipanga foleni na kila dereva anataka wake atangulie.