Ukitaka mgeni wa kuzungumza klabuni, angalia kwanza mwezi

Mwaka wa tatu sasa kazi yangu kwenye klabu yetu ya huduma hapa Mwanza, hizi za kama Rotary ambapo wanachama tunachangia miradi ya kusaidia watu, ni moja tu, kutafuta mgeni wa kuzungumza kwenye mkutano wa kila Alhamisi jioni, na nimekosea vya kutosha mpaka naona niandike, maana najua klabu nyingi za kanda ya ziwa wanahangaika na hiki hiki.

Mwanzo nilikuwa natafuta vyeo. Mkurugenzi, meneja, bingwa wa hiki na kile. Anakuja na slaidi arobaini, anaongea saa zima, rais wa klabu anashindwa kumkatisha maana ni mkubwa, chakula kinapoa, watu wapo kwenye simu, ikifika saa mbili na nusu wenye watoto wadogo wanaanza kutoka mmoja mmoja. Maswali hakuna. Wiki inayofuata viti vitupu na michango ya mradi inashuka, maana mtu hatoi hela yake kwa jambo ambalo halijamuingia.

Aliyenibadilisha ni mama mmoja anayeanika na kuuza dagaa Mwaloni Kirumba, lile soko la samaki la ufukweni. Tulitaka kuwasaidia akina mama wa dagaa na tulishakubaliana wenyewe mezani kwamba tuwanunulie mizani. Nikamwalika, akakubali, Alhamisi ikafika hakutokea. Kesho yake nikampigia, akaniambia mwanangu, wiki hii ni giza, mitumbwi inaingia alfajiri imejaa, mimi naanika mchana kutwa, hiyo saa kumi na mbili yenu natafuta usingizi. Nisubiri mbalamwezi.

Mimi mtoto wa hapa hapa na sikuwa nimefikiria. Dagaa wanavuliwa usiku kwa taa, zamani karabai siku hizi za sola, na mwezi ukiwa mkubwa taa haiwavuti vizuri kwahiyo wavuvi wengi wanapumzika na mwaloni kunapoa. Toka siku hiyo ratiba yangu ya wageni wanaotoka ziwani naipanga kwa mwezi, na hakuna aliyeniangusha tena.

Alikuja kweli. Akatueleza dagaa wa kuanikwa mchangani wanavyoishia kwenye chakula cha kuku kwa bei ya chini, wakati wa kwenye vichanja ni wasafi na wanaliwa na watu, na msimu wa mvua mzigo unaweza kuoza wote kwa siku moja ukose hata nauli. Mwenzetu akauliza kuhusu mizani. Akasema mizani tunayo baba, hatuna vichanja na maturubai. Mradi ukageuka pale pale, na usiku ule watu walichanga bila kuombwa mara mbili.

Kwahiyo mgeni mfate alipo, siku mbili tatu kabla, simu pekee haitoshi. Mwambie dakika 20 za kuongea na 10 za maswali, na hizo za maswali zilinde kama mboni ya jicho maana hapo ndo mambo yote yanatoka. Muulize anataka aitwe nani. Na lugha jamani! Klabu nyingi mkutano unaendeshwa Kiingereza, nawaomba sana siku hiyo iwe Kiswahili toka mwanzo mpaka mwisho, nimeona watu wenye akili zao wananyamaza ukumbini kwa sababu ya lugha tu. Sajenti naye, yule mwanachama anayetoza wenzake faini mkutanoni, mwambie mapema mgeni hatozwi faini wala haombwi mchango.

Tena sio lazima mgeni aje hotelini. Paul Harris na wenzake walipoanzisha Rotary kule Chicago mwaka 1905 walikuwa wanakutana kwa zamu kwenye ofisi za wanachama, jina lenyewe limetokana na huko kuzunguka. Sisi mkutano mmoja tuliufanyia mwaloni, tumekaa kwenye mabenchi karibu na vichanja, na waliohudhuria walikuwa wengi kuliko wiki yoyote ya mwaka ule.

Nauli mpe kabla hajaanza kuongea, kama anatoka Ukerewe au Kome hakikisha ana pa kulala maana kivuko hakimsubiri. Mkutano ukiisha wote mnasimama mnapiga stori na soda zenu, naomba mtu mmoja amsindikize getini amtafutie boda, amuone amepanda.