Utando mweupe kwenye chupa ya mtoto

Dada, utando mweupe unaobaki ukichemsha chupa kwa maji ya kisima ni chumvichumvi za maji, na visima vingi hapa Dar vina maji ya chumvi. Loweka chupa kwenye siki nyeupe na maji, nusu kwa nusu, dakika 30, kisha suuza.

Wa kuogopa ni utando wa maziwa: unateleza ukiugusa, vijidudu hujificha humo, na kuchemsha peke yake hakuutoi. Tenganisha chuchu, ringi na chupa, sugua kwa brashi na sabuni, pitisha maji kwenye tundu la chuchu. Ndipo uchemshe dakika 10, kila kitu kizame, hewa isibaki ndani.

Usifute kwa kitambaa, viache vikauke. Chuchu ikinata au kuchanika, itupe.