Nani hasa huifanya kampuni ya ujenzi ibadili teknolojia?

Mleta uzi anauliza kwa nini kampuni yake ilikwepa modeli za kidijitali za jengo zima kwenye kompyuta (BIM) kwa miaka, kisha mteja mmoja alipozidai zikanunuliwa chapuchapu. Mimi niko ofisi ya saiti, upande wa mkandarasi. Angalia nani anasaini cheti cha malipo, jibu liko hapo.

Mafundi si wagumu kama wengi humu wanavyosema. Faida yetu ni nyembamba na mradi ukiisha timu inatawanyika, sasa nani agharamie mafunzo ambayo matunda yake yatamfikia zaidi mwenye jengo? Ndiyo maana msukumo hutoka nje. Uingereza ilitangaza mwaka 2011 kwamba itadai BIM kwenye miradi ya serikali kuu, na Aprili 2016 sharti likaanza kazi. Singapore ilizidai modeli kwenye maombi ya vibali vya ujenzi.

Ila sharti peke yake huzaa maigizo. Nimewahi kuwa kwenye mradi ambao modeli ilikuwepo ya kukabidhi tu. Saiti tulijenga kwa michoro ya karatasi, na marekebisho hayakurudi kwenye modeli hata siku moja.

Kwingine, aliyetubadilisha ni mkandarasi mdogo wa viyoyozi. Alikuja kwenye kikao na modeli yake, akaonyesha njia ya hewa inatoboa boriti ambayo tulikuwa bado hatujaimwaga zege. Foremani wetu, mtu asiyegusa tableti, akauliza: "Na korido ya juu je?" Wakaizungusha, kumbe na kule vilevile. Tangu hapo hafungi fomu (mbao za kushikilia zege) kabla hajaiona modeli.

Wauzaji wa programu siwahesabu sana. Jengo lao la maonyesho halina nondo zilizochelewa. Wauza mitambo ndio wajanja: ekskaveta inafika na kifaa cha kutuma taarifa za mafuta na saa za kazi, hakuna aliyeombwa ruhusa.

Kwako mleta uzi: ulizeni wakati wa zabuni nani analipia leseni, nani anasasisha modeli, na kama faili zitatolewa kwa IFC (aina ya faili inayosomeka na programu mbalimbali) ili msifungwe na programu moja. Pia mkataba useme modeli na mchoro vikipingana, kipi kinashinda. Mkiliacha wazi hilo, foremani atashika karatasi, na mimi nitamuunga mkono.